Uzi: Blanki ya ufito wa kwanza wa nzi bandia, tuanzie wapi?

MgeniMtoni
Wakuu, salaam. Nataka kujenga ufito wangu wa kwanza wa kuvulia kwa nzi bandia: ninunue blanki, yaani ufito mtupu usio na pete wala mshikio, kisha nifunge kila kitu mwenyewe. Kurusha mshipi nakujua, ila ujenzi ndio mgeni kwangu. Orodha za blanki zina namba nyingi kuliko nilivyotegemea: urefu, namba ya mshipi, vipande, kipenyo cha shina (upande mnene wa mshikio), kipenyo cha ncha, uzito, halafu maneno kama "kasi" na "modulasi ya juu". Nitavua trauti kwenye mito ya ukubwa wa kati, mara mojamoja ziwani. Nitazame nini kwanza? Na ni makosa gani ya blanki yasiyorekebishika ukishafunga pete kwa uzi?

FundiMshipi
Karibu mkuu. Anza na mshipi, blanki itafuata. Kwenye uvuvi huu kinachorushwa ni uzito wa mshipi, nzi anaburutwa tu nyuma yake. Ile namba iliyoandikwa kwenye blanki inataja mshipi ambao mtengenezaji anaona utaipinda ipasavyo.

Mishipi ina kiwango kilichowekwa na chama cha watengenezaji wa vifaa vya uvuvi cha Marekani, AFTMA. Hupimwa futi 30 za mwanzo, sawa na mita 9.14, bila kile kipande chembamba kilicho sawasawa mbele kabisa. Namba 4 ni greni 120 (gramu 7.8), namba 5 ni greni 140 (gramu 9.1), namba 6 ni greni 160 (gramu 10.4), namba 8 ni greni 210 (gramu 13.6).

Sasa angalia hapa, maana ndipo wengi wanapojikwaa: namba ya mshipi ni kipimo, lakini namba ya blanki ni rai ya aliyeitengeneza. Blanki mbili zilizoandikwa 5 zinaweza kupishana kwa namba nzima. Na mishipi mingi ya siku hizi ni mizito kuliko kiwango, nusu namba au zaidi, kwa sababu blanki nyingi nazo zimekuwa kakamavu. Kwa hiyo kabla hujaagiza chochote, viringisha mita 9.14 za mwanzo za mshipi unaotaka kuutumia juu ya mizani inayosoma hadi gramu 0.1. Mshipi ulioandikwa 5 ukikupa gramu 10.3, huo ni namba 6 kwa vitendo, na blanki uichague kwa kujua hivyo.

Kwa mito uliyotaja, futi 9 (mita 2.74) namba 5 ndiyo inayofaa kazi nyingi. Urefu huo unanyanyua mshipi juu ya mikondo na kukuwezesha kuupindua kuelekea mto unakotoka baada ya kutua. Kama mto ni mwembamba na matawi yameinama, shuka hadi futi 7 na nusu, namba 3 au 4. Ziwa lenye upepo na nzi wakubwa litakuomba namba 6. Usijaribu kupata blanki moja ya kazi zote hizo, utapata isiyofaa hata moja.

Nyuzi_na_Msasa
Naongezea kuhusu mpindo, maana ndio utakaouhisi mkononi kila siku. Ile "kasi" ya kwenye orodha ina maana ya sehemu gani ya ufito inapinda. Blanki ya haraka hupinda zaidi karibu na ncha, theluthi ya juu. Ya kati hupinda hadi katikati. Ya taratibu hupinda hadi unaisikia chini ya koki ya mshikio. Haina uhusiano na nguvu. Kuna blanki ya taratibu yenye nguvu kubwa, na kuna ya haraka iliyo dhaifu.

Wanaoanza huvutwa na ya haraka kabisa kwa sababu inasifiwa kwa kufika mbali. Fanya hesabu hii kwanza. Samaki yuko mita 11 kutoka ulipo. Toa lida (uzi mwembamba kati ya mshipi na nzi) ya mita 2.7, toa mita 2.5 hivi za ufito na mkono ulionyooshwa, unabaki na karibu mita 6 za mshipi nje ya ncha. Mshipi namba 5 una wastani wa gramu moja kwa kila mita, na sehemu ya mbele ni nyembamba zaidi. Kwa hiyo kinachopinda ufito hapo hakifiki hata gramu 6, na blanki kakamavu imetengenezwa ikisubiri gramu 9 au zaidi. Haipindi, unaanza kuisukuma kwa bega, kitanzi cha mshipi kinafunguka na lida inatua kama furushi. Blanki ya mpindo wa kati, au wa kati unaoelekea haraka, inaanza kufanya kazi mapema. Mita 18 bado utazifikia.

MgeniMtoni
Nimekuelewa. Lakini kama namba ya blanki ni rai tu, na maneno ya mpindo nayo ni ya muuzaji, nitajuaje kabla ya kufunga?

Nyuzi_na_Msasa
Kwa kuipima. Mwaka 2003 William Hanneman wa Marekani alitoa njia rahisi inayotumia sarafu za senti moja za nchi hiyo, zile za baada ya 1982 zenye gramu 2.5 kila moja. Ufito unabanwa ukiwa umelala sambamba na sakafu, mfuko unaning'inizwa kwenye ncha, unaongeza sarafu hadi ncha ishuke kwa theluthi ya urefu wa ufito. Uzito unakupa nguvu ya blanki, na pembe ambayo ncha inaelekea chini inakupa mpindo: pembe kubwa ni blanki ya haraka, ndogo ni ya taratibu.

Huhitaji sarafu zenyewe. Mfuko mdogo, misumari au shanga, na mizani. Kwa futi 9 ncha ishuke sentimita 91. Tafuta ufito uliokamilika ambao unaupenda mkononi, upime, andika gramu na pembe, kisha pima blanki vilevile. Ukibana, zungushia shina kitambaa na lishike sehemu yote ya mshikio, karibu sentimita 25. Usiibane blanki tupu kwenye jiliwa la chuma: ukuta una unene wa milimita moja hivi au pungufu, na ufa wa hapo hutauona mpaka samaki akuonyeshe.

Zaidi ya kupima, rusha nayo. Funga pete kwa tepu ya karatasi, rili (gurudumu la kuviringishia mshipi) ifunge shinani kwa tepu juu ya kitambaa, nenda uwanjani na mshipi wako. Inachukua saa moja. Muuzaji anayekubali blanki irudi ikiwa haijakatwa wala kupakwa gundi ana thamani kubwa kuliko punguzo lolote.

Tabaka
Kuhusu "modulasi ya juu". Blanki ya kaboni inatokana na kitambaa cha nyuzi kilicholowa rezini. Kinakatwa umbo la bendera ndefu, kinaviringishwa kwenye mandreli, yaani fimbo ya chuma iliyochongoka, kinabanwa kwa utepe mwembamba wa plastiki, kisha kinaokwa tanurini. Utepe ukitolewa unaacha matuta madogo kama nyuzi za parafujo. Watengenezaji wengine wanayasugua, wengine wanayaacha ili wasiguse nyuzi za nje.

Modulasi ni kipimo cha ukakamavu wa nyuzi. Kaboni ya kawaida iko karibu gigapaskali 230, ile inayoitwa ya kati iko kati ya 275 na 295, faibaglasi ya aina ya E ni kama 72. Modulasi ikipanda, ukakamavu uleule unapatikana kwa nyuzi chache, ukuta unakuwa mwembamba na ufito mwepesi. Hiyo ni faida ya kweli, ila bei yake ni kwamba ukuta mwembamba hausamehe. Nzi mwenye shanga ya tungsteni akigonga blanki wakati wa kurusha anaacha jeraha dogo lisiloonekana, na ufito unavunjika wiki tatu baadaye ukiwa na samaki mdogo. Vilevile mguu wa pete ambao haukupigwa tupa vizuri una ukingo chini yake. Uzi unaukandamiza, ukingo unachimba, na hapo ndipo mahali pa kuvunjikia. Kwenye ukuta mnene kosa hilo linaweza kupita, kwenye mwembamba halipiti.

Na usihangaike na majina kama IM6 na IM7. Hayo yalikuwa majina ya biashara ya nyuzi za kampuni ya Hercules, hayakuwa ngazi za ubora. Blanki nyingi zinachanganya nyuzi za modulasi mbili au tatu kwenye ufito mmoja, kwa hiyo herufi mbili na tarakimu moja hazikuambii mchanganyiko huo umefanywaje.

Jambo la usalama, kwa kuwa tumegusa kaboni: inapitisha umeme. Ngurumo ikianza laza ufito chini uondoke, na usipite nao umesimama chini ya nyaya za umeme.

KiooLaini
Mnamfunga kwenye kaboni mapema mno. Kwa mto mdogo na wa kati, faibaglasi ya futi 7 na nusu au 8, namba 4, ni blanki nzuri sana ya kujifunzia ujenzi. Ukuta wake ni mnene, unavumilia makosa ya tupa na ya kubana. Inapinda kwa gramu chache, kwa hiyo ile hesabu ya mita 11 hapo juu inakuwa rafiki yako. Blanki nyingi za aina hii ni za vipande vitatu, viungio viwili tu vya kufunga. New Zealand na Marekani kuna watengenezaji wanaoichukulia faibaglasi kwa uzito mkubwa, si mabaki ya zamani.

FundiMshipi
KiooLaini uko sahihi kwa futi 7 na nusu. Kwa futi 9 sikubaliani. Faibaglasi ni nzito kuliko kaboni, karibu gramu 2.5 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 1.8, na inahitaji nyuzi nyingi zaidi kufikia ukakamavu uleule. Kadiri urefu unavyoongezeka uzito huo unakaa mbali na mkono. Ufito wa futi 9 wa faibaglasi unaendelea kutikisika baada ya kusimamisha mkono, na mtikisiko huo unaingia kwenye mshipi kama mawimbi. Mwenzetu ametaja ziwa pia.

KiooLaini
Sawa, kwa ziwa nakubali. Kwa mito peke yake nabaki na langu. Ila akichukua faibaglasi akumbuke mashina yake ni manene kuliko ya kaboni ya namba ileile, hivyo akague tundu la kikalio cha rili kabla ya kukinunua.

Kiungio_Dume
Viungio vimetajwa kwa haraka, na ndivyo vinavyoua fito za kwanza nyingi. Aina kuu kwa kaboni ni mbili. Ya kwanza ni ya mfuniko: mdomo wa kipande cha juu (jike) unavaa juu ya kichwa cha kipande cha chini (dume). Ya pili ina kijiti cha ndani: kijiti kimegundishwa kwenye kipande cha chini na cha juu kinakivalia. Hiyo ya pili inapinda kwa ulaini na inapendeza kwa macho, ila ni lazima ibaki nafasi ya milimita 6 hivi kati ya vipande viwili vikiwa vimekaza. Nafasi ndiyo akiba ya kulika. Mjenzi mgeni akiiona anadhani ni kasoro, anasugua kijiti ili vipande vikutane, na kuanzia hapo kiungio hakikazi tena. Chukua ya mfuniko kwa mara ya kwanza.

Mdomo wa jike lazima ufungwe uzi hata kama blanki imeimarishwa kiwandani. Anza milimita 1 hadi 2 kutoka ukingoni, funga milimita 12 hadi 15, uzi wa saizi A. Mpindo unajaribu kuupanua mdomo kila unaporusha, na bila uzi unapasuka kwa urefu, ufa mwembamba kama unywele. Unapopaka epoksi (gundi ya kufunikia uzi) usikubali hata tone liingie mdomoni. Likiingia na kukauka, ukilikwangua unakwangua na ukuta.

Vipande vinne kwa futi 9 ndiyo kawaida na vipuri vyake vinapatikana. Viwili vinapunguza kazi ya uzi lakini unabeba fimbo ya mita 1.4. Sita au saba ni vya safari, na kila kiungio ni uzito, uzi na nafasi zaidi ya kukosea pete.

Muulize pia muuzaji kama mtengenezaji anauza kipande kimoja kimoja. Ncha huvunjika kwenye mlango wa gari, na blanki ambayo ncha yake haiuzwi peke yake ni hasara nzima.

MgeniMtoni
Asanteni sana. Kuna kitu kinaitwa mgongo wa blanki. Wengine wanasema usipoupata ufito utajipinda pembeni. Ni kweli?

KokiMkononi
Mgongo upo. Kitambaa kinapoviringishwa, mahali kinapoanzia na kuishia panapishana, upande mmoja unakuwa mkakamavu kidogo. Kuupata: simamisha shina la kipande juu ya meza laini, ncha ishike kwa kidole wazi, bonyeza katikati kwa kiganja. Kipande kitajiviringisha hadi kikae. Upande wa ndani wa mpindo, au wa nje, ndiko unapoweka pete.

Nyuzi_na_Msasa
Kuupata ni rahisi, mgongano ni umuhimu wake. Ufito hauzunguki kwa sababu ya mgongo, unazunguka kwa sababu mzigo unavuta kwenye pete zilizo mbali na kiini cha blanki. Kwenye ufito wa nzi pete ziko chini, mzigo unavuta chini, tayari umetulia. Mgongo hauwezi kuushinda mvuto huo.

Mimi naangalia unyofu. Hakuna blanki iliyonyooka kabisa, na ncha ndiyo inayojikunja zaidi. Shika kipande usawa wa jicho, zungusha hadi mkunjo uelekee juu, weka alama ya tepu, na pete zifungwe upande wa chini. Uzito wa pete na epoksi utauvuta mkunjo chini na ufito utaonekana mnyoofu. Ukifuata mgongo unaweza kuishia na ncha inayotazama kulia, na hilo litakuudhi kila utakapochungulia mstari wa pete.

KokiMkononi
Kwa blanki za namba 3 hadi 6 sina ubishi na hilo. Mgongo uutazame kama kipimo cha ukaguzi tu: kipande kikiruka kwa nguvu na kukataa kabisa kukaa upande mwingine, mviringisho wake haukuwa mzuri, kirudishe.

Tabaka
Na ukaguzi ufanywe siku blanki inapofika, kabla ya pete za tepu. Viringisha kila kipande mezani na utazame mwanga chini yake. Pitisha pamba kavu juu yake yote, nyuzi za pamba zikinasa pana ufa au kibanzi. Chungulia ndani ya kila mdomo wa jike, ukingo uwe mviringo na bila mpasuko. Unganisha vipande na upime jike limemeza dume kiasi gani: sentimita 3 hadi 5 kwa namba 5 ni sawa, chini ya sentimita 2 ni mkazo wa uongo. Kisha tikisa ufito mzima taratibu karibu na sikio. Mlio wa kugonga unatoka kwenye kiungio kisichokaa. Kama kiungio kinakwama au kinalegea, tia nta ya mshumaa kidogo kwenye dume, usitie msasa.

Chukua kalipa (chombo cha kupimia vipenyo) uandike vipenyo vitatu: shina, mahali mshikio utakapoishia, na ncha. Usiamini vya kwenye orodha.

MgeniMtoni
Nimefikia blanki mbili, zote za kaboni, futi 9, namba 5, vipande vinne, viungio vya mfuniko.

A: shina mm 9.4, ncha mm 1.8, gramu 48, mpindo wa kati unaoelekea haraka, imesuguliwa na kupakwa.
B: shina mm 8.4, ncha mm 1.5, gramu 39, haraka sana, modulasi ya juu, matuta yameachwa.

B inavutia kwa wepesi. Mnasemaje?

FundiMshipi
A. Gramu 9 za tofauti ni nyingi zikiwa nchani, ila nyingi kati ya hizo ziko shinani, chini ya mkono wako, ambako huzisikii. Kikalio kimoja kizito cha rili kinaweza kukurudishia gramu 20 kwa mpigo.

Tabaka
A, kwa sababu ya matuta pia. Epoksi ya kufunikia uzi ni nyepesi mwanzoni, na kwenye blanki yenye matuta inafuata mifereji na kutambaa nje ya uzi kama meno ya msumeno. Fundi mzoefu anaizuia kwa kupaka tabaka jembamba kwanza na kufuta ukingo wakati ufito unazunguka. Kwa mara ya kwanza hapo ndipo moyo unapokuvunjika, maana kila ufungaji kati ya kumi na nne au zaidi utakuwa na mpaka mbaya.

Na rangi: blanki nyeusi au ya kijani iliyokolea inameza uzi. Nailoni ikilowa epoksi inakuwa kama kioo, nyekundu inageuka kahawia. Tumia uzi uliotiwa kinga ya rangi kiwandani, au pima kwanza kwa kufunga sentimita moja juu ya kijiti cheusi.

KokiMkononi
Kwa A, vipimo vinavyofuata ni hivi. Mshikio wa pete 14 za koki za mm 12.7 ni mm 178. Kikalio kinakula karibu mm 95. Kwa hiyo koki inaishia kama sentimita 27 kutoka mwisho wa shina. Hapo ndipo upime kwa kalipa na kununua ile pete ndogo ya kuziba mdomo wa koki. Shina la mm 9.4 linaweza kuwa mm 8.6 mahali hapo, na pete iliyonunuliwa kwa kipimo cha shina italegea na kuonyesha gundi.

Koki inaingizwa kutoka upande mwembamba wa kipande cha chini na kushushwa. Panua tundu kwa tupa ya mviringo iliyochongoka kidogo kidogo, ukijaribu kila mara, hadi ikwame kwa mkono mm 5 kabla ya mahali pake. Ukiipanua hadi ishuke yenyewe umeshapita.

Tundu la kikalio likiwa mm 9.5 umepata bahati, gundi inaenea vizuri. Likiwa mm 12, jaza kwa mikanda miwili au mitatu ya tepu yenye upana wa mm 6, ukiacha mapengo ambayo epoksi itagusa blanki na mbao moja kwa moja. Usizungushie tepu kikalio chote: baada ya muda tepu inachakaa, kikalio kinaanza kuzunguka, na kukitoa ni kukikata. Kabla ya gundi sugua blanki kwa msasa wa 320 sehemu itakayofunikwa tu, mpaka mng'ao utoke, usifike kwenye nyuzi.

Kiungio_Dume
Pete. Kanuni ya mafundi ni urefu kwa futi ujumlishe moja, kwa hiyo pete kumi na ile ya ncha. Mpangilio wa kuanzia, kwa sentimita kutoka nchani: 12, 25.5, 40.5, 57, 75.5, 95.5, 117.5, 141.5, 168.5, 198.5. Ya mwisho ndiyo kubwa ya kupokelea mshipi, na inakaa sentimita 76 kutoka mwisho wa shina, karibu na mkono wa kuvuta.

Sasa ulinganishe na viungio vyako. Chukua vipande vya sentimita 71.5 vinavyomezana sentimita 4. Mdomo wa kwanza unaishia 71.5, wa pili 139, wa tatu 206.5. Pete ya nane iko 141.5, mguu wake unaanzia karibu 140.2, na uzi unaanza 139.8. Imebaki mm 8 tu. Leo inatosha, lakini kiungio cha mfuniko kikilika jike hushuka, na baada ya misimu kadhaa mdomo unaukuta uzi wa pete. Hapo kiungio hakikazi tena, utakata uzi na kufunga upya. Sogeza pete ya saba hadi 118.5, ya nane 143.5, ya tisa 170. Nafasi zinabaki zikiongezeka: 23, 25, 26.5, 28.5.

Kisha zishike kwa vipande vya mpira mwembamba, pitisha mshipi, funga ncha kwenye uzito sakafuni na uinue ufito. Mshipi ufuate mpindo wa blanki bila kukata kona kali kati ya pete mbili. Ukiona kona, sogeza pete kuelekea huko, mm 5 kwa mm 5.

MgeniMtoni
Nimeamua A. Swali dogo la mwisho: ncha ni mm 1.8. Pete za ncha zinauzwa kwa namba 4, 4.5, 5. Nachukua ipi?

KokiMkononi
Namba hizo ni sehemu za 64 za inchi. 4 ni mm 1.59, 4.5 ni mm 1.79, 5 ni mm 1.98. Kwa mm 1.8 ya kweli, 4.5 haitaingia bila kusugua blanki, na ncha ndiyo sehemu ambayo ukuta hauna cha kupoteza. Chukua 5, pengo la mm 0.09 kila upande linajazwa na gundi. Lakini orodha zinakadiria, blanki ikija na mm 1.75 basi 4.5 ndiyo yake. Agiza zote mbili, ni vitu vidogo.

Tumia gundi ya kuyeyuka kwa joto iliyotengenezwa kwa ncha za fito, usitumie epoksi. Yeyusha gundi, pasha bomba la pete kwa moto wa kiberiti cha gesi, moto usiguse kaboni, vaa, na ulinganishe na mstari wa pete kabla haijapoa. Siku ncha itakapohitaji kubadilishwa unapasha bomba tena na linatoka, blanki ikiwa salama.

MgeniMtoni
Nitaagiza 4.5 na 5, na uzi uliotiwa kinga ya rangi. Blanki ikifika nitaweka hapa vipenyo vitatu na gramu za theluthi kabla sijagusa gundi.

Nyuzi_na_Msasa
Weka na pembe ya ncha. Na uzito wa mita 9.14 za mshipi wako, tusije tukalinganisha blanki ya 5 na mshipi wa 6.